Miti tuliyopanda chuoni imekufa karibu yote na sasa wanataka kulima eneo lote, naombeni ushauri (Tabora)

Binti_wa_Isevya (18 Oktoba, saa 3 usiku)

Shikamooni wakubwa, na wa rika langu habari zenu. Mimi nasoma chuo kimoja hapa Tabora mjini, nimeingia mwaka wa tatu, jina la chuo naomba niliache mana lengo langu sio kuchafua mtu, nataka msaada tu.

Mwaka jana nilijiunga na klabu ya mazingira. Mwaka huu tarehe 1 Aprili, ile siku ya taifa ya kupanda miti, tukapanda miche 240 kuanzia nyuma ya hosteli za wasichana mpaka kule kwenye uzio. Wanafunzi tulijitokeza wengi kweli, yani majembe hayakutosha wengine wakawa wanachimba kwa fimbo. Tulipanda mijohoro, mikaratusi, miembe kidogo na mninga 31 ambayo tulipewa bure. Mgeni akapanda wa kwake, tukapiga picha, tukala wali, tukatawanyika tukiwa na furaha na mimi usiku ule nilimpigia mama nikamwambia tumepanda msitu.

Mvua ikanyesha kama wiki tatu hivi ikakata. Tukamwagilia kwa zamu na ndoo kutoka bomba la hosteli, mara zamu zikaanza kurukwa, ikaja UE, yani mitihani ya mwisho wa semista, watu wakajifungia kusoma, tukamaliza mwezi wa 7 wengine wakaenda fildi (mafunzo kwa vitendo) wengine makwao, mimi fildi nilipangiwa Nzega. Juzi nimerudi, begi hata sijalifungua nikaenda kuangalia miti yetu.

Ndugu zangu nilikaa chini. Mistari mizima ya vijiti vikavu rangi ya majivu, ukishika kinakatika kama njiti ya kiberiti. Upande wa uzio ulipobomoka mbuzi wamekula mpaka chini. Nikavuta mkaratusi mmoja ukatoka wenyewe bila nguvu, mzizi haupo, mchwa wameula wote wakajaza udongo mwekundu mahali pake. Nikavuta wa pili nikakuta kiriba bado kipo! Lile karatasi jeusi liko vilevile tulivyolitoa kitaluni na mizizi imejizungusha humo ndani kama tambi. Nikavuta wa tatu, kiriba. Yani kuna watu walipanda na karatasi lake na hakuna aliyewaambia, na mimi nilikuwa mmoja wa wasimamizi.

Nimehesabu yenye majani ya kijani ni 17 tu, mijohoro 16 na mwembe mmoja ulio karibu na bomba linalovuja.

Sasa ofisi inasema wiki ijayo trekta linakuja kulima eneo lote mpaka ile pembe ya vichaka kule nyuma ili pawe pasafi tupande upya, na viongozi wa klabu wameshaandika barua ya kuomba miche 500. Mimi moyo unakataa. Tutapanda 500 na mwezi wa 7 tutaondoka tena. Naombeni mniambie tulikosea wapi hasa na tufanyeje miti ipone kiangazi wakati sisi wenyewe hatupo chuoni. Na tukiweka miti pembeni, klabu ya mazingira ya chuo inatakiwa ifanye kazi gani mwaka mzima? Sisi tunaonekana tarehe 1 Aprili na tarehe 5 Juni tu, katikati hapo tunapotea na inaniuma.

---

Kitalu_Sikonge (18 Oktoba, saa 4 na nusu usiku)

Marahaba mwanangu. Pole. Mimi nina kitalu huku Sikonge mwaka wa kumi na tisa huu, naotesha miche nauzia watu na taasisi, na hilo lako naliona kila mwaka na kila mwaka linaniuma kama la kwangu mana miche mingine nimeikuza mwenyewe kutoka mbegu.

Kosa la kwanza ni tarehe. Tarehe 1 Aprili kuna mikoa inafaa, kwetu Unyamwezini hapana. Sisi tuna msimu mmoja tu wa mvua, inaanza Novemba inaisha Aprili, tunapata milimita 700 mpaka 1,000 hivi kwa mwaka na zote ndani ya hiyo miezi, baada ya hapo ni jua mpaka mwezi wa 10 au wa 11 tena. Mche uliopanda Aprili unapata maji wiki tatu, wewe mwenyewe umesema wiki tatu, afu unaanza kiangazi cha miezi sita na mzizi wenye urefu wa kiganja. Mche uliopanda mwishoni mwa Novemba au Desemba udongo ukishalowana vizuri unapata miezi minne mitano ya kushusha mzizi, kiangazi kikifika umeshafika kwenye ubichi wa chini. Hiyo tu peke yake ingewaokolea nusu ya miti. Sherehe fanyeni tarehe 1 Aprili kama kawaida, lakini siku hiyo nendeni mkahesabu na kupalilia ile mliyopanda Desemba.

Kosa la pili ni kiriba umeshaliona mwenyewe. Kabla ya kupanda pasua karatasi kwa wembe upande mmoja kutoka juu mpaka chini, litoe lote, udongo usivunjike, karatasi likusanywe. Mwaka huu weka mtu mmoja getini kwenye shamba lenu akusanye viriba, miche ikiwa 100 viriba viwe 100 mkononi mwake, kikikosekana kimoja mnarudi kutafuta mti upi.

Shimo la fimbo sio shimo. Chimbeni sasa hivi Oktoba udongo upigwe jua, upana na kina kama sentimita 60, ule udongo wa juu weka kando changanya na samadi iliyooza, ndio uwe wa kwanza kurudi chini. Pembeni ya mti acha kisahani cha kukamata maji. Matandazo weka ila yasiguse shina, acha nafasi ya kiganja, mana mchwa wa Tabora ukiwaletea majani makavu mpaka mlangoni wataingia. Na mikaratusi michanga mchwa wanaipenda sana, ningekuwa mimi ningeiacha, mjohoro na mwarobaini inavumilia zaidi, ndio mana hiyo 16 yako imepona.

Mwisho, na hili ndio kubwa. Kila halmashauri nchini imewekewa lengo la kupanda miti milioni moja na nusu kwa mwaka, na taasisi nazo zinataka kuonyesha zimechangia, kwaiyo kila mtu anakuja kitaluni kwangu anataka idadi kubwa. Hakuna aliyewahi kuniuliza nina maji ya miti mingapi mwezi wa 8. Anza hapo mwanangu. Usiulize mtapata miche mingapi, uliza mwezi wa 8 pale chuoni kwenu kutakuwa na ndoo ngapi za maji na mikono mingapi ya kubeba. Jibu lake ndio idadi ya miti.

---

Mtoto_wa_Igunga (19 Oktoba, saa 1 asubuhi)

Dada pole sana. Mimi nasoma Mwanza na kwetu ni hivyohivyo, sisi walimaliza mbuzi. Mlinzi anasema kazi yake kulinda majengo sio miti. Tulikuja kuelewana nae baada ya kumnunulia fimbo na buti na kumshirikisha kwenye kikao, sa hivi ndio anatupigia simu akiona mtu anapitisha mifugo. Nafatilia huu uzi.

---

Nyuki_na_Miyombo (19 Oktoba, saa 2 asubuhi)

Dada naomba kabla hujasoma chochote NENDA ZUIA HILO TREKTA. Narudia, usikubali walime.

Mimi nimesoma ufugaji nyuki hapa hapa Tabora na kazi zangu ziko maporini Kaliua na Urambo. Umesema mlipanda mninga 31 na umehesabu yote imekufa. Umeangalia chini? Mninga sio mti kama mjohoro. Mninga mchanga kila kiangazi shina la juu linakauka kabisa unaona kijiti kikavu unasema umekufa, kumbe mzizi uko chini unanenepa unaweka akiba, mvua ikija unachipua tena kutoka chini, kiangazi kikija unakauka tena, na unaweza kufanya hivyo miaka na miaka mpaka mzizi ukishiba ndio shina linarefuka bila kukauka tena. Ndivyo unavyoishi kwenye nchi ya kiangazi kirefu na mioto. Watu wengi wanaung'oa wakati wenyewe umelala.

Pima hivi. Usivute. Fukua taratibu kwa kidole shingo ya mche pale unapoingia ardhini, kwangua gome kidogo sana kwa ukucha. Ukiona kikavu cha kahawia umeenda. Ukiona ubichi, na kwa mninga unaweza kuona utomvu mwekundu unatoka kidogo kama damu, huo upo hai, ufukie vizuri uweke alama.

La pili ni hiyo pembe ya vichaka wanayotaka kuisafisha. Naomba uende ukaangalie kama ni vichaka kweli au ni visiki. Sehemu nyingi za mjini Tabora zilikuwa msitu wa miyombo, mitundu na wenzake, watu wakakata kuni na mkaa, lakini kisiki cha myombo ukikikata hakifi, kinachipua kutoka kwenye mzizi wake wa zamani ulioenda chini mbali. Utakuta kisiki kimoja kina vichipukizi kumi na tano vinagombania, mbuzi anakula, mtu anafyeka, moto unapita, kwaiyo kila mwaka vinaanza upya na watu wanaona kichaka tu. Dodoma kuna hii kazi inaitwa kisiki hai, wakulima wamerudisha miti mingi mashambani kwao bila kupanda hata mche. Unachagua vichipukizi viwili au vitatu vilivyonyooka na vyenye nguvu, vingine unakata, vile ulivyobakiza unapogolea matawi ya chini, unafunga kitambaa cha rangi kila mtu ajue huu una mwenyewe, afu unalinda. Basi. Haumwagilii hata tone mana mzizi ni wa mtu mzima.

Unaweza kupima sa hivi mana mwezi huu miyombo inatoa majani mapya hata kabla ya mvua, yale mekundu mekundu. Ukiona kwenye hivyo vichaka kuna majani mekundu laini, hapo mna msitu na wanataka kuulima ili mpande mikaratusi.

---

Mkongwe_wa_Serikali_ya_Wanafunzi (19 Oktoba, saa 6 mchana)

Mi nadhani mnazunguka sana. Nilikuwa waziri kwenye serikali ya wanafunzi chuo cha Dodoma miaka ya nyuma na nakwambia wanafunzi bila kuwalazimisha hawafanyi. Kila mwanafunzi apewe mti wake na namba, mti ukifa hajakamilisha usajili wa semista inayofuata. Mwaka mmoja tu utaona miti yote imepona. Hamasa na mabango havisaidii kitu watu wanawaza bumu, hela ya mkopo.

---

Binti_wa_Isevya (19 Oktoba, saa 2 usiku)

Mzee wa Sikonge na kaka wa nyuki Mungu awabariki, nimesoma maneno yenu mara tatu.

Leo baada ya kipindi nimeenda na wenzangu wawili. Tulianza na mninga. Wa kwanza nimekwangua, kahawia. Wa pili kahawia. Wa tatu huyu mwenzangu akasema acha tu tusijiumize, nikasema moja zaidi, nikafukua kama vidole viwili kwenda chini nikakwangua na ukucha na nikaona kijani, afu nikaona na kile chekundu kinatoka taratibu kikatulia pale kama tone la wino. Jamani tulipiga kelele mpaka watu wakachungulia madirishani kule hosteli. Tumepima yote 31, yenye uhai ni 12. Kumi na miwili niliyokuwa nimeiandika kwenye daftari kwamba imekufa. Tumefukia, tumeweka mawe kuzunguka.

Afu ile pembe. Kaka ni visiki. Majani mekundu yapo. Giza lilikuwa linaingia hatujahesabu ila ni vingi.

Nimempigia afisa anayeshughulikia mambo ya mazingira pale chuoni, amenisikiliza vizuri sana kusema kweli, akasema niandike ukurasa mmoja tu nimletee Jumatatu asubuhi trekta likiwa halijalipiwa. Naandika usiku huu.

Kaka mkongwe nimekuelewa ila sidhani, mana sisi wenyewe wa klabu tuliopenda kwa moyo ndio tuliopanda na viriba. Hatukukosa kulazimishwa, tulikosa kujua. Na hata ukinifungia usajili, mwezi wa 8 niko Nzega mti uko Tabora.

---

Mama_Jikoni (19 Oktoba, saa 3 na nusu usiku)

Hamjambo wanangu. Mimi ni mama tu napika jikoni chuo kimoja hapa Tabora sio lazima kiwe hicho chenu. Kijana wangu ndio kanionyesha hii mada nikasema nami niseme.

Maji mnayoyatafuta sisi tunayamwaga. Kila siku naosha mchele na mboga na maharage ya kulowekwa, ni ndoo sita za lita ishirini siku za masomo wanafunzi wakiwa wamejaa. Hayo hayana sabuni hayana mafuta, tunayamwaga kwenye mfereji nyuma ya jiko. Miaka yote hakuna mwanafunzi aliyewahi kuja kuniuliza mama haya maji yanaenda wapi. Ya kuoshea masufuria msichukue yana mafuta na sabuni kali.

Likizo tunabaki kupikia wafanyakazi na wale wa kozi fupi, zinakuwa ndoo mbili kwa siku, Jumapili hatupiki. Lakini ndoo mbili zipo kila siku hata mwezi wa 8, mimi na wenzangu tupo, kuzibeba mita mia sio kazi kwetu kama mtu ametuheshimu akatuonyesha mti upi na upi.

Na lingine wanangu. Mnapanda miti upande huu na upande huu mimi naunguza. Serikali ilishasema taasisi zinazolisha watu zaidi ya mia moja kwa siku ziachane na kuni na mkaa. Kwetu gesi imefungwa jiko moja, likijaa maharage tunarudi kwenye kuni mana mtungi unaisha mapema na ununuzi unachelewa. Kuni zenyewe ni mitundu inakuja kwa lori. Maharage yasiyolowekwa usiku yanakula kuni mara mbili, mimi naloweka, zamu nyingine hawaloweki wanasema hawakuambiwa. Klabu ya mazingira ikija jikoni siku moja ikakaa na sisi kuanzia saa kumi alfajiri ikaona moshi na ikaona lori, itapata kazi ya mwaka mzima. Sisi tukisema hatusikilizwi, nyie mkiandika mtasikilizwa.

---

Kitalu_Sikonge (20 Oktoba, saa 12 asubuhi)

Mama umemaliza kila kitu. Binti piga hesabu. Ndoo mbili ni lita 40, siku sita ni lita 240 kwa wiki. Mche wa mwaka wa kwanza mwezi wa 8 mpe lita tano mara mbili kwa wiki ziwe lita kumi. Basi una maji ya miti 24. Sio 500. Panda 24.

Na chupa za lita moja na nusu zinazozagaa hapo chuoni zikateni kitako, toboeni kizibo kwa sindano ya moto tundu moja, zifukieni kichwa chini kando ya mzizi. Maji yanashuka kidogo kidogo yanaenda chini moja kwa moja hayakaushwi na jua. Mama akifika na ndoo anajaza chupa anaondoka, hamna kusimama kumwagilia.

---

Mtu_wa_Ujiji (20 Oktoba, saa 5 asubuhi)

Naingia kutoka Kigoma. Nimependa huu uzi sana mana huku kwetu tuna historia yake.

Dr. Jane Goodall, mtafiti kutoka Uingereza, alikuja Gombe hapa Kigoma mwaka 1960 kwa ajili ya sokwe, lakini baadae akaona milima inayozunguka hifadhi imebaki upara, watu wamekata mpaka makorongoni, akaelewa kwamba sokwe hawaponi kama wanakijiji hawajapona. Mwaka 1994 ukaanza mradi wa TACARE kwenye vijiji, wakaanza na vitalu vya miti, ila walichokuja kujifunza ni kukaa na wanakijiji waseme wenyewe wanataka nini, maji, afya, shule za watoto, kuni za karibu. Vijiji vikatenga misitu yao ya hifadhi, wakaacha visiki vichipue, na huo msitu uliorudi kwenye miteremko mingi haukupandwa na mtu, umetoka kwenye mizizi ileile ya zamani. Kwaiyo kaka wa nyuki anachosema sio nadharia, njoo upande boti hapa Kigoma mjini kuelekea Gombe utauona kwa macho.

Na hiyo Roots & Shoots, mpango wake wa mazingira wa vijana inayojulikana dunia nzima ilianza hapa hapa Tanzania, mwaka 1991 Dar es Salaam, na wanafunzi 12. Kumi na mbili tu. Bibi amefariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91 na mpaka mwisho alikuwa anazunguka kuongea na wanafunzi.

Nachotaka kuongeza mimi ni makabidhiano. Klabu zetu zinakufa kama miti yenu kwa sababu hiyohiyo, wa mwaka wa tatu wanaondoka na kila kitu kichwani. Mwaka wa kwanza wakija mnawapa tisheti hamuwapi mti. Fanyeni daftari moja, la karatasi sio la kwenye simu, kila mti una ukurasa wake, umepandwa lini na nani, umemwagiliwa lini, mchwa ulionekana lini. Daftari likae jikoni kwa mama. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayeishi Tabora mjini hapa hapa, hao mnao wengi wa Isevya na Ng'ambo na Cheyo, ndio wapewe zamu za likizo mana wao hawaendi mbali. Sisi tulikuwa tunatafuta viongozi wenye maneno mazuri, tulitakiwa tutafute wanaokaa karibu.

---

Mkongwe_wa_Serikali_ya_Wanafunzi (20 Oktoba, saa 7 mchana)

Nimesoma ya mama. Narudisha maneno yangu. Kwenye uongozi wetu miaka miwili hatukuwahi kuingia jikoni kwa jambo lingine zaidi ya kulalamikia wali.

---

Nyuki_na_Miyombo (20 Oktoba, saa 1 usiku)

Nyongeza ndogo dada, hiyo pembe ikishakuwa na miti ya kufika kifuani, na kama iko mbali ya kutosha na hosteli na njia za watu, ongeeni na wataalamu wa nyuki waje wapime kama inafaa kuweka mizinga miwili mitatu. Miyombo ndio inatoa hii asali ya Tabora. Mahali penye mzinga hapafyekwi ovyo na mchunga mbuzi anapakwepa. Ila sio sasa, msikimbilie, kwanza miti. Na chimbeni njia ya kuzuia moto kuzunguka, fyekeni nyasi upana wa mita tatu kabla ya mwezi wa 6, mana moto mmoja wa mwezi wa 8 unarudisha kila kitu mwanzo.

---

Binti_wa_Isevya (29 Novemba, saa 11 jioni)

Wakuu samahani nimekaa kimya, nilitaka nirudi na kitu mkononi.

Trekta halikuja. Ule ukurasa mmoja niliupeleka Jumatatu, afisa akaenda nao mpaka kule nyuma, akainama mwenyewe akakwangua mninga mmoja na ufunguo wa gari, akaniambia binti hii pembe msiiguse mpaka niseme. Barua ya miche 500 klabu tumeiondoa, haikuwa rahisi, kikao kilienda mpaka saa 5 usiku mwenyekiti akasema nimewaaibisha mana namba ilishatajwa kwa wageni. Nilimwonyesha kile kiriba. Nilikuwa nimekihifadhi na mizizi yake ndani. Akakaa nacho mkononi muda mrefu afu akauliza Jumamosi tunaanza saa ngapi.

Visiki tumehesabu viko 63. Tumechagua machipukizi, tumefunga vitambaa vyekundu, fundi cherehani mmoja wa sokoni alitupa vipande bure alivyosikia ni vya nini. Uzio uliobomoka tumeziba kwa miba kwanza, bajeti ya seng'enge imeombwa.

Mvua imeanza kukolea wiki iliyopita, udongo umelowa mpaka chini ya mashimo, jana tumepanda. Miti 24. Mijohoro 8, miarobaini 10, miembe 6. Mtu wa viriba alikuwa mwaka wa kwanza anaekaa Cheyo, amekusanya viriba 24 akanihesabia kimoja kimoja mbele ya watu.

Jikoni kwetu mama wa zamu ya asubuhi amekubali maji ya mchele na daftari liko kwake, limefungwa na kamba juu ya ndoo ya chumvi lisilowe. Wanne wetu tulikaa nae kuanzia saa kumi alfajiri siku ya maharage. Tumeandika muda wa kila sufuria na mizigo ya kuni iliyoingia, tunafanya hivyo wiki nne ndio tupeleke ofisini na ombi la mtungi wa pili. Siku waliyoloweka maharage usiku yaliiva mapema sana kabla kuni za pembeni hazijaguswa, nimeliandika na hilo.

Na mninga kaka. Asubuhi ya leo nimepita kabla ya kipindi. Kati ya ile 12, tisa imechipua. Vijani vidogo vimekunjana rangi ya shaba vinatoka chini kabisa pembeni ya kijiti kikavu. Mitatu iliyobaki bado sijaifukua, naipa mpaka Krismasi.

Mzee wa Sikonge naomba nikuulize, miembe miwili majani yake yamelegea tangu jana jioni japo udongo umelowa, ni mshtuko wa kuhamishwa au niangalie mizizi?

---

Kitalu_Sikonge (29 Novemba, saa 2 usiku)

Usifukue. Punguza majani nusu, weka kivuli cha matawi upande wa magharibi siku kumi. Ukiona hayajasimama nipigie nije, nina safari ya Tabora mjini Alhamisi.